Nani Aliyeuza Njia?

Majira ya mvua yaliyopita Padri wetu aliitwa usiku kwenda kumpa Mpako Mtakatifu mzee mmoja aliyekuwa anakufa katika kartie moja ya Komini Annexe, hapa Lubumbashi. Nilikuwa pamoja naye garini kwa sababu nazijua kidogo pande zile. Nyumba tuliiona. Taa ilikuwa ikiwaka mlangoni, na watu wamesimama uani wakitungoja, nasi hatukuwa mbali nao kuliko meta mia na hamsini. Lakini kati yetu na taa ile palikuwa na kuta za watu, na hapakuwa na njia.

Tukarudi nyuma tukaingia njia ya pili, nayo ikaishia penye ukuta wa matofali mabichi. Tukaingia ya tatu, nayo ikaishia penye msingi wa nyumba mpya uliojaa maji. Mwishowe Padri aliliacha gari, akaufunga mfuko wa mafuta matakatifu shingoni, tukaenda kwa miguu huku tukiuliza mlango kwa mlango. Dakika arobaini zilipita. Tulipofika, mzee alikuwa amekwisha kufa.

Mjane wake hakutulaumu. Alisema tu, “Baba Padri, huku kwetu hata maiti hupita juu ya ukuta.” Nikadhani ni maneno ya uchungu, kama wafiwa wasemavyo. Kesho yake nililiona jeneza la yule mzee likiinuliwa na vijana sita, likapitishwa juu ya ukuta wa jirani, kwa maana kichochoro kilikuwa chembamba mno na kona yake kali mno.

Nikamwuliza mwenyeji mmoja wa siku nyingi, “Je, pande hizi hapakuwa na njia tangu mwanzo?” Akacheka. “Ilikuwapo, ndugu. Imeuzwa.”

Tangu siku ile neno hilo halinitoki. Wako watu watakaosema kwamba habari za barabara si kazi ya gazeti la Wakristu, afadhali tuandike juu ya sala na ndoa na malezi ya watoto. Nami nawajibu: Msamaria mwema alimkuta yule mtu aliyejeruhiwa wapi, kama si njiani? Kama njia ile ya Yeriko ingalikuwa imekatwa lupango na kuuzwa, asingalipita kuhani, wala Mlawi, wala Msamaria.

Basi tuhesabu kidogo, maana wanaouza njia hesabu hizi wanazijua sana, na wanunuzi hawazijui. Twaa kipande cha ardhi cha hektari moja, yaani meta mia kwa mia. Kikate lupango za meta 20 kwa 25. Usipoacha njia hata kidogo utapata lupango 20. Lakini UN-Habitat, ndilo shirika la Umoja wa Mataifa liangalialo makazi ya watu, lafundisha kwamba katika mji mwema njia hazifai kupungua sehemu 30 katika kila 100 za ardhi, na kwamba katika kila kilometa ya mraba ziwepo kilometa 18 za njia au zaidi. Ukilifuata fundisho hilo, katika hektari yako zabaki meta za mraba 7,000, nazo zatoa lupango 14. Tofauti ni lupango sita.

Hizo sita ndizo njia. Hizo sita ndizo dakika arobaini za Padri wetu. Mwuzaji hawezi kuziuza zote 20, kwani wanunuzi wenyewe watapita wapi? Huacha kichochoro cha meta nne kinachoingia kutoka upande mmoja, huuza lupango kumi na nane au kumi na tisa, na kichochoro kile hakitokei po pote. Jirani yake mwenye hektari ya pili hufanya vile vile, lakini kichochoro chake huingia kutoka upande mwingine. Wa tatu vile vile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewauliza wenzake njia zao zitakutana wapi. Baada ya miaka mitano kartie nzima imejaa nyumba, nazo njia zake ni kama vidole vya mikono mingi, kila kidole kimenyoshwa peke yake. Watu wawili ambao kuta zao za nyuma zagusana, wakitaka kuamkiana, hawana budi kutembea robo saa, watoke hata barabara kuu, waingie tena.

Tena si miguu tu inayochoka. Bomba la maji la Regideso hufuata njia. Nguzo ya umeme ya Snel hufuata njia. Mfereji wa maji ya mvua hufuata njia mpaka mtoni. Njia ikizibwa, maji hayazibiki, yataingia chumbani kwa mtu, na sisi sote tunajua yanavyokuja kati ya Novemba na Machi. Mabomba yakizunguka na kukutana, moja likipasuka, maji huja kutoka upande wa pili. Bomba likiishia katika njia isiyotokea, likipasuka mwanzoni, wote walio nyuma yake hukauka. Hapo ndipo akina mama huchukua madumu na mabeseni kwenda kuchota kisimani, kisima kilicho meta chache tu na choo cha jirani. Kipindupindu kikija tunalia na kuuliza kimetoka wapi.

Na asubuhi? Kwa kuwa vichochoro vyote havikutani, watu wote humwagika katika barabara zile zile chache: ya Kipushi, ya Kasenga, ya Kasapa, ya Kasumbalesa. Mtoto wa shule, mama mwenye gunia la makala, taksi iliyojaa, manseba na piki-piki yake, na lori la madini liendalo mpakani mwa Zambia, wote ni lazima wapite mlango mmoja. Kisha twasema, “Serikali iipanue barabara.” Naam, na ipanuliwe. Lakini hata ukiupanua mto, kama vijito vyote vyaingia mahali pamoja, mafuriko yatakuwa pale pale.

Nataka sasa niseme jambo ambalo wazee wetu wanalijua vizuri kuliko mimi. Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville, Émile Wangermée na watu wake walichora njia kwanza, ndipo nyumba zikafuata. Walichora njia zilizonyoka na kukatana, pana, nazo ndizo tunazozipita mjini hata leo, na baada ya miaka zaidi ya mia hakuna aliyehitaji kubomoa nyumba ili apate mahali pa kupita. Kazi ile ilikuwa njema. Lakini wachoraji wale wale, walipofika mahali pa Mwafrika, walifanya kinyume. Kati ya mji wa Wazungu na Cité ya Waafrika waliacha eneo tupu, walilolipa jina la eneo la kati, lisilokaliwa na mtu, upana wake mamia ya meta. Walitoa sababu ya mbu na maradhi. Cité ilipohamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikawa Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, eneo lile tupu lilikuwa ndiyo ukuta wake, ingawa halikuwa na tofali hata moja. Njia za kulivuka zilikuwa chache, na njia chache huwa rahisi kulindwa. Usiku Mwafrika hakuweza kutembea upande wa Wazungu pasipo karatasi ya ruhusa.

Kwa nini nayakumbusha mambo haya ya zamani? Kwa sababu yaonyesha kwamba njia si jambo la wapimaji peke yao. Atakaye kumtenga mtu humnyima njia. Mkoloni alijua hivyo, akafanya kwa kusudi, na sisi tulimlaumu kwa haki. Leo hakuna mkoloni katika Kalebuka, wala Kisanga, wala Kasungami, wala Luwowoshi. Leo tunatengana wenyewe, ndugu kwa ndugu, kwa faida ya lupango sita katika kila hektari.

Mtu mmoja mwenye elimu aliniambia, “Usihangaike, bwana. Ni umaskini. Mji umekua upesi mno.” Ni kweli kwamba umekua upesi. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, watu wa mji huu hawakufika laki mbili. Leo wamezidi milioni mbili. Ni kweli pia kwamba kampuni kubwa ya madini, Gécamines, ilipoanguka, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mara moja katika miaka ya 2003 na 2004, na wengi walipaswa kutafuta pa kujenga kwa fedha kidogo walizopewa. Baadaye machimbo mapya yakavuta watu wengine kutoka kila upande. Yote hayo ni kweli. Lakini kwamba umaskini ndio unaoziba njia, hilo nalikataa kabisa.

Nenda Katuba. Katuba ilianza kujengwa karibu na mwaka 1950, na walioijenga hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa makarani wadogo, maseremala na wafanyakazi wa viwandani, waliojijengea nyumba zao kwa mkopo na kwa mikono yao. Nyumba zilikuwa ndogo, lakini njia zilipimwa kabla ya matofali kufyatuliwa. Leo Katuba imezeeka, mifereji imeziba, lami imekwisha, watu wamejaa mara nyingi kuliko ilivyotazamiwa. Lakini mgonjwa akizidiwa Katuba usiku, gari linafika mlangoni pake. Vivyo hivyo Kenya. Vivyo hivyo Ruashi ya zamani. Watu maskini, njia nzuri. Sasa nenda pande fulani za Golf au za barabara ya Kasapa, penye nyumba za ghorofa zenye vioo vya rangi na kuta za meta tatu. Utawakuta watu wenye magari mawili mawili ambao, mvua ikinyesha, huyaacha magari yao kwa jirani aliye karibu na barabara, kisha hupanda juu ya mawe, viatu mkononi. Hao nao ni umaskini?

Habari hii si ya Kongo peke yake. Mwaka 2020 mabwana wawili wenye elimu, Christopher Barrington-Leigh wa Canada na Adam Millard-Ball wa California, walitoa matokeo ya kazi kubwa: walikuwa wamezipima kwa ramani na picha za setilaiti njia za miji ya dunia nzima, waone kama zinakutana au hazikutani. Waliona kwamba tangu mwaka 1975, katika sehemu kubwa ya dunia, njia mpya zinakutana kidogo kuliko zile za zamani. Matajiri wa Marekani hujenga hivyo kwa kupenda, kwa kuwa wana magari na hawataki mgeni apite mbele ya nyumba zao. Ila ziko nchi zilizoshika desturi ya njia zinazokatana, na kati yao mabwana hao walitaja Argentina, Bolivia na Peru. Sidhani kwamba Bolivia ni nchi ya matajiri.

Juu ya Peru ninayo hadithi ya kweli inayowahusu Wakatoliki. Mwaka 1971 maelfu ya watu wasio na makao waliingia katika ardhi tupu ya Pamplona, kando ya mji mkuu Lima. Polisi wakaja kuwafukuza, na damu ikamwagika. Askofu msaidizi wa Lima, Luis Bambarén, Mjesuiti, alikwenda akawasomea Misa pale pale mchangani. Serikali ikamkamata. Jambo hilo liliwashtua watu wote hata waziri aliyeamuru akamatwe akaondoka katika cheo chake, na wale maskini wakapewa ardhi jangwani, kusini ya mji, mahali panapoitwa sasa Villa El Salvador. Hapakuwa na maji, hapakuwa na mti. Nyumba zilikuwa za mikeka. Lakini sikilizeni walivyofanya. Kabla ya kujenga walichora njia. Lupango 24 zikafanya fungu moja. Mafungu 16 yakafanya kundi moja la jamaa 384. Na katikati ya kila kundi wakaacha uwanja wa wote, kwa shule, kwa michezo, kwa mikutano. Walikuwa hawana kitu duniani isipokuwa mchanga, nao hawakuuuza ule wa njia. Leo Villa El Salvador ni mji wa watu karibu laki nne, na mabomba na umeme na mabasi vilipokuja viliikuta njia imekwisha kungojea.

Basi, asiniambie mtu tena habari za umaskini.

Nani, basi, aliyeuza njia? Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Na vitu vya wote, kama barabara, haviuzwi kamwe maadamu ni vya wote. Kwa sheria hiyo, anayeuza njia anauza kitu ambacho si chake, naye anayenunua hanunui kitu. Hata hivyo njia zinauzwa kila juma. Yupo mtu wa ofisi anayejua mahali ambapo ramani imeacha nafasi, naye humnong’oneza rafiki yake. Yupo mzee wa ardhi anayeuza shamba moja mara mbili. Yupo mpimaji anayeinua jiwe la mpaka usiku na kuliweka mbele hatua tatu. Na Torati ya Musa, kama tujuavyo, inayo laana kwa kazi ya namna hiyo. Yupo pia mwenye duka ambaye kwanza huweka meza yake njiani, kisha kibanda, kisha ukuta, kisha hati.

Lakini hao wote wasingaliuza kama hakuna mnunuzi, na hapo, ndugu zangu, nageukia upande wetu. Mnunuzi huyo ni nani? Je, si sisi tunaokaa benchi moja kanisani kila Jumapili? Mkristu anaambiwa kwamba iko lupango rahisi, bei yake ni nusu ya zile nyingine. Haulizi kwa nini ni rahisi. Anaziona alama za matairi zikipita katikati yake, anawaona watoto wa shule wakiikatiza asubuhi na jioni, naye anajua vizuri kabisa anachonunua. Analipa, anapewa karatasi yenye mihuri mitatu, anafunga njia kwa ukuta, kisha anamwita Padri aje kuibariki nyumba. Maji ya baraka yamwagwa juu ya njia ya watu! Mwizi wa kuku hushitakiwa, hupigwa, hutubu. Mwizi wa njia humwibia kila apitaye, leo na kesho na miaka hamsini ijayo, naye hupewa kiti cha mbele. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba ameungama dhambi hiyo. Kweli, yaliyo ya kitubio ni siri, nami sijui. Lakini najua kwamba kuiondoa dhambi ya wizi pasipo kurudisha kilichoibwa ni kazi ngumu, na ukuta ningaliuona umevunjwa.

Wengine hawakununua kitu, wamefunga tu. Wameweka mlango wa chuma kichwani mwa avenyu yao, saa mbili usiku mlango wafungwa kwa kufuli, na ufunguo hulala kwa mtu mmoja. Sababu yao ni wezi, nami siwacheki, kwa maana wezi wenye silaha wamewaliza wengi katika mji huu, na mtu aliyeamshwa na bunduki hasahau. Lakini wafikiri vema. Wezi wakisha kuingia ndani ya njia yenye mlango mmoja, wenyeji watakimbilia wapi? Jirani wa avenyu ya pili akisikia kelele, atapita wapi aje kusaidia? Mwaka 1961 mwanamke mmoja wa New York, Jane Jacobs, aliandika kitabu chenye sifa juu ya miji, naye alionyesha kwamba njia hulindwa na macho ya watu wapitao na wakaao, wala si na ukimya. Bibi zetu walijua hivyo bila kitabu: uani penye watu wengi nyoka haingii upesi. Mkitaka kulinda, wekeni walinzi na taa, na mlango wenu uwe na mtu macho, si kufuli. Kwa maana nyumba ikiungua, au mama akishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane za usiku, tutamtafuta yule mwenye ufunguo, nasi tutamkuta amekwenda Likasi kwenye matanga.

Sasa neno lililo gumu kwangu kulisema, na Mapadri wetu wanisamehe. Kanisa nalo lina kuta. Tangu Wabenediktini walipofika katika mwaka ule ule wa 1910, na Wasalesiani mwaka uliofuata, misioni zilipewa ardhi kubwa, na kwa ardhi ile zilifanya mema yasiyohesabika: shule, hospitali, karakana, makanisa. Wakati ule ardhi zile zilikuwa pembeni mwa mji, na kuzizunguka hakukumsumbua mtu ye yote. Leo mji umezizunguka zenyewe. Naijua paruwasi moja, sitaitaja jina, ambayo ukuta wake wa upande mmoja una urefu wa meta mia tatu na zaidi, pasipo mlango. Nyuma yake kuna kartie nzima. Watoto wa kartie ile wanaosoma katika shule ya paruwasi ile ile huzunguka ukuta kila siku, wakipita kando ya barabara ya malori, ili waingie kwa mlango wa mbele. Zamani palikuwa na kilango kidogo nyuma. Kilifungwa baada ya viti kuibwa.

Najua habari za viti. Nilikuwa katika kamati siku ile, nami nilipiga kura kifungwe. Nakiri hivyo ili mtu asidhani kwamba nawarushia wengine mawe. Tulihesabu viti thelathini vilivyopotea, hatukuhesabu watoto. Kilango kile kingeweza kufunguliwa tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa kumi na mbili jioni, na mlinzi mmoja akakaa pale kwa mshahara usiozidi matoleo ya Jumapili moja. Nimeliomba jambo hilo katika kamati mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia tungoje. Mara ya pili waliniambia tuliombee.

Kuhusu kazi ya Serikali sitasema mengi, kwa kuwa wote wanaijua. Mahali ambapo nyumba hazijafika bado, yaani mbele ya mji, kando ya barabara zote ziendazo nje, njia ichorwe leo, mawe yake yapigwe chini mbele ya watu wote, na ramani ibandikwe mlangoni pa ofisi ya kartie ambapo hata mama muuza mboga ataiona. New York ilichorewa njia zake mwaka 1811, wakati sehemu kubwa ya kisiwa cha Manhattan ilikuwa mashamba na mawe; watu waliwacheka wachoraji. Gharama ya kuchora njia shambani ni kamba na vigingi. Gharama ya kuitoboa kati ya nyumba ni machozi, na anayelia si yule aliyeuza. Yeye amekwisha kwenda na fedha zake kuuza mahali pengine. Anayelia ni mjane aliyenunua kwa kutojua, ambaye siku moja huamshwa na mashine ya kubomolea.

Nasi tusingoje. Katika jumuiya zetu ndogo, tukutanapo jioni kusali, tunajuana wote. Tunajua nani anataka kununua na wapi. Mwenzetu akitaka kununua, twende naye watu wawili, watatu, tuitembee ile ardhi kwa miguu. Tumwulize mwuzaji maswali mepesi: Njia hii yaingilia wapi? Yatokea wapi? Gari la wagonjwa litageukia wapi? Lupango hii ilikuwa nini miaka mitano iliyopita? Mwuzaji akikasirika, turudi nyumbani na fedha zetu. Na Padri akiitwa kubariki nyumba iliyosimama juu ya njia, aseme hapana. Naomba hivyo kwa heshima yote. Aseme hapana mara moja tu, na habari itaenea Lubumbashi nzima kabla ya jua kuchwa.

Kule kwa yule mzee aliyekufa, watu wameanza. Baada ya matanga walikaa wakapima kwa kamba, wakaona kwamba wakipata meta nne katika lupango mbili tu, vichochoro viwili visivyotokea vitaungana na kuwa njia moja, kutoka barabara hata barabara, na gari litapita. Wakachanga fedha kidogo kidogo, Wakatoliki na Wamethodisti na wasio na dini, ili wawalipe wenye lupango hizo. Mmoja, mama anayeuza samaki wakavu, alikubali kwa nusu ya bei, akavunja ukuta wake mwenyewe kwa msaada wa wanawe. Wa pili amekataa. Yeye asema kwamba karatasi zake ni halali, na kwamba njia haimhusu, kwa kuwa lupango yake iko mwanzoni, nalo gari lake linafika.

Huyo wa pili huimba sauti ya chini katika kwaya yetu, nami nakaa karibu naye kila Jumapili. Nimemwuliza mara nne. Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, nitamwuliza mara ya tano.